Resini Rahisi na Mkebe Uliovimba

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema, msije mkafika katikati ya maneno haya mkaanza kunitafutia ushujaa. Nilifanya kazi ya resini na faibaglasi miaka mingi katika karakana moja ya mtaa wa Baba Dogo, Nairobi, tukitengeneza matangi ya maji, mabeseni na boneti za magari, na nilistaafu nikiwa na macho yangu mawili na vidole vyangu vyote. Sababu ni uoga. Wenzangu waliokuwa na moyo mgumu kuliko mimi walistaafu mapema, na si kwa kupenda.

Sasa ninakaa kwa mwanangu huku Tassia, na nyinyi vijana wa jengo hili mmekwisha kujua kwamba mzee wa mlango wa mwisho aliwahi kushika resini. Mnakuja na simu zenu. Mnanionyesha mtu wa ng'ambo akimimina resini kwenye meza ya jikoni, hana glavu, muziki unalia, ua limelala ndani ya kipande kinachong'aa. Halafu mnauliza swali moja, nyote. Juzi mjukuu wangu Nekesa aliniletea rafiki yake wa Kware.

"Niaje, mzee," akasema yule kijana. "Mimi nataka tu kutengeneza key holder, za kupea mabeshte. Resin gani iko rahisi?"

"Unakaa nyumba ya namna gani?" nikamuuliza.

"Bedsitter. Chumba kimoja, kila kitu humo."

"Jiko lako liko umbali gani na kitanda?"

Akacheka. Nekesa naye akacheka. Mimi sikucheka, na nikaona wananitazama kama wanavyotazamwa wazee wanaoanza kupotewa na akili. Kwa hiyo nimeamua kuandika, maana kwa mdomo huwa mnanikatiza.

Jibu lenyewe ni fupi. Anza na plasta. Najua mnaidharau, mnaona ni ya kuziba ukuta. Lakini plasta itakufundisha kalibu, kile chombo unachomiminia, kuliko mwalimu yeyote. Utajifunza kuipaka kalibu mafuta ili kitu kising'ang'anie, kumimina kwa uzi mwembamba kutoka pembeni, kugonga meza polepole ili mapovu yapande juu, na kungoja. Ukikosea unatupa, unanawa mikono, unakwenda kula.

Ukishazoea, tafuta epoksi, ile ya polepole, ya kuchanganya sawa kwa sawa, ambayo hata kesho yake bado inaganda. Usikimbilie ya haraka. Ya haraka huzaa joto lake yenyewe, na ukiimimina nene inafuka moshi na kupasua kalibu. Pima kwa mizani, si kwa jicho. Koroga polepole huku ukikwangua kuta za kikombe, kwani ile iliyobaki ukutani bila kuchanganyika haitaganda hata uiombee. Glavu uvae hata kama mikono haikuwashi, maana epoksi huweza kukunyamazia miezi, kisha siku moja ngozi ikaikataa na isiikubali tena maishani. Dirisha liwe wazi. Ile ya poliyurethani inayoganda kabla hujageuka, waachieni wenye karakana. Unyevu kidogo tu unaiharibu, na mvuke wake si wa kuvuta ndani ya chumba. Na poliyesta, ile yetu ya zamani ambayo harufu yake humfikia jirani wa tatu, hiyo isilale unapolala.

Karakana unaifunga jioni, unakwenda zako. Nyumbani unalala na kila ulichonunua. Hilo ndilo lililonifanya nimuulize yule kijana habari za kitanda.

Miaka ya sabini hatukuwa na uchaguzi huu wenu. Epoksi ilikuwapo, lakini ilikuwa kitu cha wenye nacho. Mtu wa mtaani aliyetaka kumimina kitu alipata poliyesta, na poliyesta haigandi yenyewe. Inataka vitu viwili. Cha kwanza ni kichapuzi; sisi tulikiita wino, kwa kuwa ni cha zambarau na kinachafua kama wino wa shule. Cha pili ni hadina, dawa ya kugandisha, isiyo na rangi, ukiitazama utadhani ni maji. Wino huingia katika resini kwanza, ukakorogwa hadi ukapotea kabisa. Hadina hufuata mwishoni, kwa matone. Wino na hadina vikikutana vyenyewe, bila resini katikati, vinalipuka.

Karakana yetu ilikuwa na desturi yake. Wino ulikaa upande wa lango, hadina upande wa ua wa nyuma, na aliyeshika kimoja asubuhi hakugusa kingine siku nzima. Mtu wa hadina akitembea nayo alikuwa anasema njiani, "Hadina, hadina," kama anayebeba uji wa moto, na sisi tunampisha. Wageni walitucheka. Mimi niliomba niwe mtu wa wino, na hata hivyo hadina ikipita nilikuwa nabana mgongo ukutani. Wenzangu waliniita Bibi Harusi. Niliitika.

Aliyenifundisha uoga huo ni Fundi Onyango, mtu mrefu wa Siaya, mpole, ambaye jicho lake la kushoto lilikuwa jeupe lote. Nilipoajiriwa sikuthubutu kumuuliza. Alinieleza mwenyewe siku ya kwanza, tukinywa chai.

"Tone moja la hadina, Wafula," akasema. "Na nilikuwa nimesimama kando ya pipa la maji. Nikalipita lile pipa, nikaenda kutafuta gari la kunipeleka hospitali. Daktari niliyemkuta alikuwa mzuri sana. Lakini jicho lilikuwa limekwisha kwenda."

Kisha akanifunga kitambaa machoni, akanizungusha, akaniambia nilitafute pipa. Nikajigonga kwenye boneti, nikakanyaga ndoo, watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Akanirudisha nikaanza upya. Kila mgeni wa karakana alipitishwa hapo, hata karani. "Hadina ikikuingia, maji kwanza," alikuwa akisema. "Usisugue. Usikimbie kwa mtu. Maji mpaka mkono uchoke, halafu mwingine apokee. Daktari baadaye."

Nilikuwa nikienda nyumbani jioni nikifumba macho mlangoni mwangu kujaribu kama ningeweza kuufikia mfereji. Nyumbani kwenyewe kulikuwa Majengo, katika nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na uani mfereji mmoja wa maji, wetu sote. Mke wangu alikuwa Bungoma na watoto. Mimi nilipanga chumba kimoja, na chumba kilichotazamana na changu alikaa Athmani, mwenye duka dogo pale nje, pamoja na mkewe, Bi. Salma.

Hao wawili walikuwa watu wema sana, na walikuwa na huzuni moja. Mimba za Salma zilikuwa zikiharibika. Wapangaji wote tulijua, na hakuna aliyeitaja. Kwa hiyo mimba moja ilipokaa, ikapita miezi ya hatari, ikaanza kuonekana chini ya leso, nyumba nzima ilitembea kwa uangalifu kana kwamba sote ndio wajawazito.

Athmani hakujua afanye nini na furaha yake. Alikuwa ameona dirishani kwangu kipande cha resini chenye mbawakawa ndani, kitu nilichokimimina karakana kwa mabaki. Siku moja akaja akaketi kitandani kwangu.

"Wafula, ndugu yangu," akasema, "Salma akijaaliwa, siku ya arobaini nataka kila mama atakayekuja aondoke na kitu mkononi. Kitu kama hicho, lakini ndani kuwe na asumini. Nipe resini iliyo rahisi."

Nyinyi si wa kwanza kuuliza, mnaona. Nikamwambia atafute poliyesta ile iliyokwisha kutiwa wino kiwandani, yenye wekundu kwa mbali. Hiyo ndiyo iliyokuwa resini rahisi ya siku zile, kwa sababu ilikuondolea hatari moja kati ya mbili. Hukulazimika kuweka wino nyumbani. Ilibaki hadina. Hadina nilimweleza mpaka akachoka: ikae kivulini, mbali na moto, katika chupa yake ile ile ya plastiki, ambayo kifuniko chake kina tundu dogo la kupumulia. Isihamishwe. Isiguse chuma.

Tukawa tunamimina uani siku za Jumapili, upepo ukiwa mgongoni, kwa kalibu za vifuniko na vibakuli. Vya kwanza vilitoka na wekundu kama mashavu yaliyopakwa rangi, kwa sababu Athmani alizipaka kalibu nta nyekundu ya sakafu, ile iliyong'arisha kila chumba cha Majengo. Nikamtafutia nta isiyo na rangi. Vilivyofuata vilitoka safi, lakini asumini ilikuwa imegeuka kahawia. Aliinua kimoja kwenye jua akakitazama sana.

"Hii ni asumini au ni mende?"

Ua bichi lina maji, na maji hayapatani na resini. Likaushwe kwanza siku kadhaa ndani ya mchanga mkavu, mnaosikia. Tuliyakausha, tukamimina kwa tabaka mbili, ya kwanza igande kidogo ili ua lisielee, na hapo tukapata kitu cha kupendeza hata Salma akatoka kukitazama, mkono mmoja kiunoni. Zile Jumapili zilikuwa nzuri. Naogopa kila kitu cha baadaye, lakini zile sizikatai.

Chupa ya hadina Athmani aliiweka juu kabisa ya rafu chumbani kwake, maana uani watoto wa nyumba walifikia kila kitu. Kwa wakati ule palikuwa mahali salama. Chumba hakikuwa na moto, walipika uani.

Mtoto akazaliwa mzima, wa kiume, akaitwa Swaleh. Kutoka Mombasa akaja Shangazi Fatuma, dada wa baba yake Salma, kumlea mzazi katika arobaini yake. Wasiojua wajue: mama aliyejifungua hukaa ndani siku hizo, anakandwa kwa maji moto na mafuta, analishwa vizuri, na jiko la makaa huwekwa chumbani asipigwe na baridi. Wanaume wa nje hawaingii. Shangazi alikuwa mnene, mwepesi wa miguu, na alishika zamu ya ule mlango barabara. Madirisha yakafungwa. Ukumbi ukanukia udi.

Nilipoliona lile jiko likiingizwa nilimshika Athmani mkono pale dukani. "Vile vitu vyetu umevitoa chumbani?"

"Nimevitoa zamani. Viko hapa nyuma ya magunia."

Na kweli, debe la resini lilikuwa nyuma ya magunia. Ile chupa ya juu ya rafu ilikuwa ndogo, haikumjia akilini.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Nimetoka kazini, nimeketi mlangoni mwangu navua viatu, Shangazi akaniletea sahani ya mahamri na mbaazi kama alivyowaletea wapangaji wote. Nilipokea, nikaona vidole vyake. Ncha zilikuwa nyeupe, weupe wa chokaa, ngozi imekunjamana. Mikono ya namna hiyo nilikuwa nimeiona mahali pamoja tu, karakana, kwa watu wa hadina.

"Shikamoo Shangazi. Vidole vimepatwa na nini?"

"Marahaba. Hivi? Vinaniwasha tangu asubuhi. Nadhani ni hii sabuni yenu ya bara."

"Asubuhi umeshika nini?"

"Nimesafisha rafu. Kulikuwa na kichupa cha plastiki, kizuri, nikakitaka nitie mafuta ya kumkandia Salma. Ndani mlikuwa na dawa ya Athmani. Sikuimwaga, mwanangu, siwezi kumwaga kitu cha mtu. Nimeihamishia mkebe wa maziwa ya unga, nikaufunga kisawasawa."

Alifanya anavyofanya mtu mwenye adabu katika nyumba si yake. Alikitafutia kitu cha mwenzake chombo chenye kifuniko kizuri.

"Mkebe uko wapi?"

"Pale pale juu ya rafu."

"Na jiko?"

"Jiko chini yake. Mzazi hapaswi kupigwa na baridi."

Niliiweka ile sahani sakafuni polepole sana. Niliogopa hata kuitikisa sakafu. Hadina ndani ya mkebe wa bati, na mikebe ile ilikuwa haikosi kutu, huanza kujipasha moto yenyewe. Inatoa hewa, na hewa haina pa kutokea kama kifuniko kimebanwa. Juu ya makaa ndiyo usiseme. Na chini ya rafu hiyo hiyo, kando ya jiko, nilikijua kile chumba, ndipo kilipokuwa kitanda.

Nikavuka ukumbi hadi kwenye pazia lao. Shangazi akanitangulia akaweka mkono.

"Wafula, huko ni kwa mzazi."

"Najua, Shangazi. Siingii." Nikasema kwa sauti ya chini, kwa pazia, "Bi. Salma. Ni mimi Wafula. Mchukue mtoto, utoke naye. Usiguse kitu chochote kwenye rafu."

"Kuna nini?"

"Toka kwanza."

"Sijajisitiri, kaka. Ningoje."

Nikasikia leso ikitafutwa. Kitanda kikalia. Sikutaka kupiga kelele, maana mtu akishtuka huinua macho kutazama, na akiinua macho pale angeupokea mkebe usoni. Nikauliza kama anayeuliza habari za duka, "Ule mkebe wa maziwa, kifuniko chake kikoje?"

"Kimevimba," akasema Salma. "Kimefura kama chapati." Akatega sikio. "Una sauti, Wafula. Unalia kama birika."

Nawaambia kweli, mwili wangu wote uligeuka kuelekea uani. Miguu ilikwisha kuamua. Nilikuwa nimeshika ukuta ili nisikimbie, na nilikuwa naomba, kwa Kibukusu, lugha ya mama yangu, niliyokuwa sijaitumia kuombea tangu utotoni.

Kifuniko kikaruka. Haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa kama mlango uliopigwa na upepo, kisha Salma akapiga ukelele mmoja, kisha mtoto akaanza kulia kwa sauti ambayo sijaisikia tena na sitaki.

Mkono wa Shangazi ulikuwa umekwisha kutoka kwenye pazia. Niliingia. Si kwa ushujaa; niliingia kwa sababu katika nyumba ile nzima ni mimi peke yangu niliyejua kwamba kitu cha kutafuta ni maji. Chumba kilikuwa na moshi mweupe na harufu kali ya kukata koo. Salma amesimama, leso imeshikwa kwa meno, mkono mmoja una mabaka yanayogeuka meupe, na Swaleh yuko kwenye mkono mwingine, upande wa kushoto wa uso wake unang'aa kwa majimaji. Nikamnyakua. Nyuma yangu Shangazi alipita, akalishika lile jiko kwa mikono mitupu, makaa yote yamewaka, akatoka nalo kupitia ukumbini hadi barabarani kabla matone hayajashika moto. Viganja vyake vilibaki na alama mpaka alipokufa.

Uani palikuwa na ndoo ya kuoshea vyombo. Nikaipita, maji yake yalikuwa ya sabuni, si ya jicho. Nikafungua mfereji, nikamlaza mtoto kwenye mkono wangu, jicho la kushoto likiwa chini ili maji yasipeleke hadina kwenye lile la pili, nikalifungua kwa vidole. Maji ya Nairobi ni baridi. Alilia mpaka akawa hana sauti, mdomo u wazi tu.

"Unamzamisha mwanangu," Salma akasema. Alikuwa anavuta mguu wa mtoto.

"Tia mkono wako kwenye ndoo, Bi. Salma. Tafadhali."

"Mpe kwangu. Mpe kwangu, Wafula."

"Bado."

Mkono wangu ulipokufa ganzi Shangazi akapokea, viganja vyake vikiwa vimeungua, akaendelea. Sikumfundisha. Aliniona nilivyofanya, akafanya vile vile. Tulibadilishana hivyo hadi Athmani akaja mbio na teksi, na hata hapo nilichota maji kwenye chupa tukaendelea kummiminia njiani, kiti cha gari kikalowa.

Hospitali waliosha tena, kwa muda mrefu. Daktari alitueleza kwa upole. Jicho la kulia ni zima. La kushoto limeungua juu. Huenda likasafika, huenda likabaki na utando. Mtoto wa siku hizo chache hawezi kupimwa akaeleweka. Mngoje.

Jumatatu nilimweleza Fundi Onyango. Alikuwa anapiga msasa tangi, hakusimama.

"Maji kwanza?" akauliza.

"Maji kwanza."

"Basi ngojeni," akasema. Alikuwa amenigeuzia lile jicho jeupe, nami nikalitazama kwa mara ya kwanza bila haya, nikijaribu kukumbuka kama la Swaleh lilikuwa hivyo au afadhali.

Hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa sijawahi kuogopa. Mkebe ulikuwa hofu ya dakika. Hii ilikuwa ya kuamka nayo. Arobaini ilipita bila mgeni. Athmani alichukua resini yote iliyobaki akaileta karakana mwenyewe, pamoja na vile vipande vya asumini, akatuachia mlangoni akarudi zake. Salma hakunilaumu hata siku moja, na kila aliponisalimu vizuri nilizidi kuogopa. Nilikuwa navuka ule ukumbi kwa ncha za vidole. Nikisikia mtoto amelia najiuliza ni njaa au ni jicho. Nikisikia kimya najiuliza zaidi.

Shangazi alikataa kurudi Mombasa. Barua zilikuja kutoka kwa wanawe, hakuzijibu. Kila siku alimpakata Swaleh, akaliziba jicho zima kwa kiganja chenye makovu, akapitisha bangili yake mbele ya lile la kushoto. Siku nyingine alisema mtoto ameifuata kwa jicho. Siku nyingine alisema hapana, alifuata sauti. Akaifunga bangili kwa kitambaa isilie. Mwishowe Salma alimwomba aache, akasema hawezi tena kuvumilia kutazama. Shangazi akawa anafanya wakati Salma yuko uani.

Utando ulikuwa unapungua, au tulitaka kuona unapungua. Athmani alisema unapungua. Mimi nilikuwa sitazami kabisa.

Miezi ikaenda, mtoto akaanza kukaa. Siku hiyo tulikuwa tumepiga msasa tangu asubuhi na mfereji wa karakana ulikuwa mkavu, kwa hiyo nilirudi Majengo jinsi nilivyokuwa: vumbi jeupe kichwani, kwenye nyusi, kwenye masharubu, macho mekundu. Nilikuwa na viatu vya mpira. Nikasukuma mlango wa mbele, ukafunguka bila kulia.

Shangazi alikuwa amekaa mkekani ukumbini, Swaleh pajani, kiganja chake kiko juu ya jicho zima. Bangili ilikuwa mkononi mwingine lakini alikuwa hajaipitisha. Sikusema neno. Sikukohoa. Nilisimama tu, kwa sababu niliogopa kupita.

Kichwa cha mtoto kikageuka upande wangu. Kikatulia. Jicho la kushoto likanitazama kuanzia nywele hadi miguuni, midomo ikaanza kupinda, na akaangua kilio, akajisukuma kifuani kwa Shangazi akijificha nisimchukue.

Salma akatokea uani mikono ikichuruzika sabuni. "Nani kamliza?"

Shangazi hakuondoa kiganja. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni naye hayafuti. Alinitazama kama nilivyokuwa, nimejaa vumbi kama mzuka.

"Wafula," akasema, "toka nje, mwanangu. Uingie tena."

Nikatoka. Nilisimama pale barazani na kitasa mkononi, nikiogopa kuliko siku ya mkebe kwamba nikiingia hatalia. Kilio kilipotulia nikaingia, kimya kama mwanzo.

Akalia tena.